Lenzi Kubwa na Mfuko Wake: Chagueni kwa Njia, Si kwa Sura



Tumepata maswali kutoka vikundi viwili. Kikundi cha kwanza ni cha vijana wanaotembeza wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke na kando ya hori ya Mida, Kaunti ya Kilifi. Wanauliza: ni mfuko gani unaofaa kubebea lenzi kubwa ya kamera? Kikundi cha pili ni cha akina mama washonaji. Wao wanauliza: je, mfuko wa namna hiyo tunaweza kuushona wenyewe na kuuza?

Tumeona tujibu maswali yote mawili kwa pamoja. Tena tuna sababu yetu. Kosa lililofanya swali la kwanza liulizwe lilikuwa letu sisi wa ofisi.

YALIYOTUPATA

Vijana hao walichanga pesa kwa miezi kumi na minne ili wanunue lenzi kubwa ya mtumba. Nia yao ilikuwa njema. Bundi mdogo wa Sokoke hafiki urefu wa sentimita 20, na mchana hutulia kichakani asionekane. Mgeni akitazama kwa macho tu huona kitu kama jani kavu. Nao ndege wahamiaji wanaokaa Mida kati ya Oktoba na Aprili huruka ukiwakaribia. Kwa lenzi ndefu, picha hupigwa kutoka mbali bila kumsumbua ndege wala kukanyaga mahali anapotaga. Vijana walitaka picha za kufundishia watoto wa shule, na pia walitaka kumkodishia lenzi mgeni aliyekuja bila yake.

Sisi ndio tulioichukua Nairobi. Tuliizungushia sweta mbili, tukaitia katika begi la shule ikiwa bado imefungwa kwenye kamera. Ikasafiri kwa basi usiku kucha, begi limesimama wima chini ya kiti. Asubuhi ikapanda bodaboda, begi limekazwa kwa mpira nyuma ya dereva. Ilipofunguliwa, kioo kilikuwa kizima. Tukafurahi. Kumbe ile pete ya chuma inayounganisha lenzi na kamera ilikuwa imepinda. Kila picha ilitoka safi upande mmoja na ukungu upande wa pili. Lenzi ikarudi Nairobi kwa fundi, ikakaa wiki tisa. Iliporudi, ndege wahamiaji walikuwa wameshaondoka.

Mweka hazina wa kikundi alituuliza swali moja tu: "Ndugu zangu, pesa za lenzi tumechanga mwaka na zaidi. Za mfuko mliziweka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Mfuko haukuwa kwenye bajeti. Haya yafuatayo ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

MZIGO HUU NI WA NAMNA GANI?

Ndani ya lenzi kubwa mna vioo vingi vilivyopangwa kwa mstari mmoja, kila kimoja mahali pake kamili. Nyingi zina pia mota ndogo, na kioo kinachocheza ili kutuliza mtikisiko wa mikono. Ndiyo maana lenzi yaweza kuonekana nzima kwa nje huku kazi imeharibika kwa ndani.

Jambo la pili, ile namba iliyoandikwa kwenye lenzi si urefu wa chombo. Wengi hukosea hapa. Mtu akisikia "lenzi ya 600" anadhani ni milimita 600 kwa rula, anaagiza mfuko wa sentimita 60. Tazameni mifano hii:

- Sigma 150-600mm Contemporary: urefu sentimita 26, uzito karibu kilo 2.
- Nikon 200-500mm f/5.6: urefu karibu sentimita 27, uzito kilo 2.3 pamoja na mguu wake.
- Sony 200-600mm: urefu karibu sentimita 32, uzito zaidi kidogo ya kilo 2.
- Canon EF 600mm f/4 toleo la tatu: urefu karibu sentimita 45, uzito zaidi kidogo ya kilo 3.

Mnaona? Zote isipokuwa ya Nikon zinafika 600, lakini mfuko wa ile ya kwanza hautaipokea ya mwisho hata kwa kusukuma.

KWANZA PIMENI

Chukueni utepe wa fundi cherehani. Pimeni lenzi jinsi itakavyobebwa, si jinsi ilivyoandikwa kwenye karatasi ya dukani.

1. Urefu. Kama mtaibeba ikiwa imefungwa kwenye kamera, pimeni vyote viwili pamoja. Kamera huongeza sentimita 7 au 8. Lenzi ya sentimita 27 inakuwa karibu 35.

2. Unene. Lenzi nyingi kubwa zina kikinga-jua, ile duara ndefu ya mbele, ambayo hugeuzwa nyuma wakati wa kubeba. Igeuzeni kwanza, ndipo mpime pale palipo panene zaidi. Msisahau mguu wa lenzi, kile kipande kinachofungwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Mguu huo hujitokeza pembeni na ndio unaotoboa mifuko.

3. Kurefuka. Lenzi nyingine hurefuka zikivutwa, kama hizo mbili za kwanza tulizotaja. Zirudisheni hadi mwisho na kuzifunga kwa kitufe chake kabla ya kuzitia mfukoni. Lenzi isiyofungwa hujirefusha yenyewe njiani na kusukumana na zipu.

Mkishapata vipimo, ongezeni unene wa sponji pande zote. Sisi tunashauri upana wa vidole viwili kila upande. Lenzi isicheze ndani ya mfuko, na isibanwe hadi ichomolewe kwa nguvu.

AINA NNE ZA MIFUKO

Mfuko wa podo. Huu ni mrefu wa duara, kama podo la mishale, wenye mkanda mmoja. Ni mwepesi na wa bei nafuu kuliko mingine. Unafaa kwa lenzi peke yake, kwa mwendo mfupi, au kuhifadhia nyumbani. Haufai kwa safari ya saa tatu, maana uzito wote unalala bega moja.

Mkoba wa ubavuni. Hufunguka haraka, na mpigapicha wa harusi anaupenda. Kwa lenzi kubwa msituni unapiga nyonga kila hatua, na ukiinama unakuja mbele wote. Tusiupoteze muda.

Sanduku gumu. Lina mpira wa kuzuia maji na huvumilia kugongwa. Ni zuri kwa mashua, lori, au kuhifadhia ofisini. Lakini halibebeki mgongoni. Tena mgeni anayepanda ndege ndogo za kwenda mbugani huruhusiwa kwa kawaida kilo 15 tu, na katika begi laini. Sanduku gumu litabaki uwanjani.

Begi la mgongoni. Kwa vikundi vyetu vinavyotembea kwa miguu, hili ndilo la kwanza kufikiria. Kama mnaweza, tafuteni lile ambalo mlango wake uko upande unaogusa mgongo. Likiwekwa chini, upande wa nje ndio unaopata matope, na mgongo wa mbebaji unabaki mkavu. Na katika matatu hakuna mtu wa nyuma atakayefungua zipu bila wewe kujua.

MBEBAJI ASISAHAULIKE

Tukijumlisha lenzi ya kilo 2.3, kamera ya karibu kilo 1, stendi ya kilo 2, maji lita moja na nusu, na mfuko wenyewe kilo 2, tunafika karibu kilo 9. Huo ni karibu mtungi wa maji wa lita kumi, na ni wa kutembea nao asubuhi yote. Kwa lenzi kubwa zaidi, kilo 10 zinapita.

Kwa hiyo anayechagua mfuko awe yule atakayeubeba. Tumeona wanakamati wanaenda sokoni, wanapenda mfuko mwenye mifuko mingi midogo, wanaleta. Mbebaji ni binti mfupi, na ule mfuko unampiga nyuma ya mapaja. Hilo si haki, wala si akili.

Mbebaji aangalie haya: mikanda ya mabega iwe mipana yenye sponji. Pawe na mkanda wa kiunoni unaokaa juu ya mfupa wa nyonga, ili sehemu kubwa ya uzito ishukie miguuni badala ya kuning'inia mabegani. Pawe na mkanda mdogo wa kifuani. Lenzi ikae karibu na mgongo, si mbali. Na mfuko mtupu upimwe kwa mizani. Mingine inachosha hata kabla ya kutiwa kitu.

MAADUI WANNE

Kishindo. Adui huyu ndiye aliyetupiga sisi. Safari ya basi au bodaboda, tenganisheni kamera na lenzi, kila moja ifunikwe kwa kifuniko chake na ikae katika chumba chake. Ikiwa imeungwa, uzito wa chombo kimoja unaning'inia kwenye shingo ya kingine, na kila shimo la barabara ni kama nyundo ndogo. Juu ya bodaboda mfuko ukae mgongoni mwa abiria, usifungwe kwenye chuma cha nyuma. Mwili wa mtu hupunguza mtikisiko, chuma hakipunguzi.

Maji. Kitambaa kizuri huzuia mvua kwa muda, lakini maji hupita kwenye zipu na mishono. Mfuko uwe na koti lake la mvua la kuvalishwa juu. Zamani tungesema funikeni na mfuko wa plastiki wa dukani. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zinazolindwa. Mkiwa viongozi wa wageni, nyinyi ndio mfano.

Mchanga na chumvi. Msiweke mfuko juu ya mchanga wenye maji pale Mida, hata kama mmechoka. Zipu za chuma huliwa na chumvi. Za plastiki nene hudumu zaidi. Mkirudi, panguseni mfuko kwa kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi, mkaushe penye hewa.

Kuvu. Huyu haonekani siku ya kwanza. Kuvu hupenda giza, unyevu na mahali pasipo na hewa, yaani ndani ya mfuko uliofungwa ukiwa umelowa. Ikiota juu ya kioo inaacha alama kama nyuzi za buibui, na kuiondoa ni kazi ya fundi. Kwa hiyo mfuko ni wa kusafiria. Mkifika, toeni lenzi, fungueni mfuko ukauke. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu msivitupe; vina kazi hapa, ila visipasuke na vibadilishwe vikizeeka.

Na jambo moja zaidi kwa walio pwani. Mgeni akitoka chumba chenye kiyoyozi na kufungua mfuko nje kwenye joto, kioo huota jasho papo hapo. Mwambieni auache umefungwa kama nusu saa kivulini hadi upate joto la nje.

RANGI NA KELELE

Wengine watasema rangi ni urembo tu. Si kweli. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Watafiti wa ICIPE walipobuni mitego ya NGU kule Nguruman katika miaka ya 1980, walitumia vitambaa vya buluu na vyeusi kwa sababu hiyo hiyo. Sasa ukibeba begi la buluu Shimba Hills au bonde la Lambwe, umebeba mtego usio na dawa. Nyeusi pia hunyonya joto la jua. Chagueni rangi ya udongo au kijani cha kufifia.

Lakini msichague madoadoa ya kijeshi. Sheria hairuhusu raia kuvaa sare za majeshi, na mfuko unaofanana nazo utawaletea maswali barabarani.

Tena sikilizeni mfuko unavyofunguka. Ile velkro inayong'oka kwa sauti ya "kraa" inawafukuza ndege kabla kamera haijatoka. Zipu ni nzuri zaidi, na vichwa vya zipu vifungwe kamba ndogo badala ya vyuma vinavyogongana.

KUNUNUA AU KUSHONA?

Mifuko iliyotengenezwa maalumu kwa lenzi kubwa ni ghali. Kikundi kikiwa na pesa, sawa. Kikiwa hakina, kuna njia ya katikati, na ndiyo tuliyoifuata sisi mwishowe.

Begi la mgongoni la wapanda milima, lenye mkanda wa kiunoni, hupatikana katika mitumba. Gikomba yako, Kongowea yako. Kagueni mishono ya mikanda na zipu. Rangi iliyopauka si hoja. Kisha fundi wenu anashona nyumba ya lenzi ya kutiwa ndani. Kwa akina mama waliotuuliza, jibu ni ndiyo, mnaweza. Zingatieni haya:

- Sponji ya godoro jepesi haifai peke yake. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ukihisi kidole chako cha upande wa pili, lenzi nayo itahisi jiwe. Tena hunywa maji. Tumieni sponji ngumu yenye vitundu vilivyozibwa, kama ya mikeka ya kulalia kambini au ya ndara.
- Kitambaa cha ndani kiwe laini kisichotoa nyuzi. Vumbi la nyuzi huingia kwenye shingo ya lenzi.
- Kitako kishonewe mpira. Tyubu kuukuu ya gari, ikioshwa vizuri, inatosha.
- Mikanda ishonwe kwa uzi wa nailoni, mshono wa mraba wenye msalaba katikati, si mstari mmoja.
- Wekeni vigawanyo vinavyoshika lenzi kwenye mwili wake, ili isisimame kwa shingo.

Mkiuza, mpimeni mteja lenzi yake wenyewe na mchukue malipo ya awali ya vifaa. Msiseme "hauingii maji" kama hamjajaribu. Semeni ukweli: unavumilia manyunyu, na koti la mvua liko.

MTIHANI WA UNGA

Msijaribu mfuko mpya kwa lenzi. Chukueni pakiti ya unga ya kilo 2, ambayo ni karibu uzito wa lenzi nyingi tulizotaja. Itieni mfukoni na yai moja pembeni. Mbebaji atembee njia yake ya kawaida, apande bodaboda, aweke mfuko chini na kuuinua mara kumi. Kisha uvalisheni koti la mvua, mwagieni maji kwa kopo lenye matundu kwa dakika kumi. Fungueni mtazame.

Pakiti ikipasuka, yai likivunjika au unga ukilowa, mmepoteza shilingi chache, na mmejua pa kurekebisha. Mwulizeni pia mbebaji: unauma wapi? Jibu lake ni sehemu ya mtihani.

MAPATANO NA MGENI

Vijana wengi hulipwa kubeba lenzi za wageni, nyingine za bei ya kununua shamba. Kabla ya kuondoka, patana mbele ya kiongozi wa kikundi. Mgeni aifunge lenzi yake mwenyewe na avute zipu mwenyewe. Mbebaji auinue mfuko mbele yake, ili kama kuna kitu kinacheza ndani kijulikane hapo. Mseme ni nani atakayeufungua njiani, na malipo ni kiasi gani. Maneno haya yanachukua dakika tano. Bila hayo, lenzi ikikutwa na kasoro jioni, anayelaumiwa ni yule asiye na kitu.

TULIPOFIKIA

Lenzi ya kikundi cha Sokoke sasa iko kazini. Inakaa ndani ya begi la mitumba la rangi ya udongo, lenye nyumba iliyoshonwa na mama mmoja kwa sponji ya mkeka wa kambi. Aliyelichagua ni binti anayelibeba. Alikataa mabegi mawili tuliyoyapenda sisi, na alikuwa na haki. Gharama yote ilikuwa ndogo kuliko ile tuliyomlipa fundi kunyoosha pete.

Gharama hiyo ya fundi tuliilipa sisi. Msimu uliopotea hatukuweza kuulipa. Ndiyo maana tunawaomba: siku mnapoandika bajeti ya chombo chochote, iwe lenzi, mizani au mashine ya kushonea, andikeni na mstari wa jinsi kitakavyobebwa na mahali kitakapolala.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, ni chombo gani cha kikundi chetu kilichoharibika njiani badala ya kazini? Kwa nini?
2. Nani hubeba vyombo vyetu, na tuliwahi kumuuliza vinamwumiza wapi?
3. Je, kuna mshonaji kati yetu anayeweza kuokoa gharama tunayoogopa?
4. Chombo kikiharibika mikononi mwa mwanakikundi, tumepatana nani atalipa?

Mkishayajadili, tuandikieni mlivyoafikiana. Kama kuna kosa katika ushauri wetu, tuambieni pia. Tumekwisha kukosea mara moja, na tungependa isiwe mbili.